Kitako Kinachong'aa

Mkwinda, aliyewinda nguruwe waliokula mihogo ya mji, alichoshwa na vanishi ya dukani iliyobanduka kila mvua iliponyesha. Akakipaka kitako cha bunduki yake mafuta ya maganda ya korosho, kama walivyofanya babu zake. Kitako kikang'aa, maji yakawa yanateleza tu juu yake.

Baada ya siku mbili, shavu la kulia, analolilaza kwenye kitako akilenga, lilivimba na kujaa malengelenge.

"Ni hayo mafuta, Baba Zuhura. Yakwangue," mkewe alimwambia.

"Mafuta haya yatadumu hata nikifa."

"Yatadumu, ndiyo. Wewe ndiye hutadumu."

Mkwinda akajifunza kulenga kwa upande wa kushoto. Shavu la kushoto nalo likavimba, na nguruwe wakaendelea kula.

Kukwangua hakuweza, roho ilimuuma. Akafungua sanduku la mkewe, akatoa kanga mpya, akaizungusha kwenye kitako na kufunga fundo.

Asubuhi majirani walimwona akienda shambani, mashavu kama maandazi, na begani maandishi ya kanga yakisomeka vizuri: UZURI WAKO WANIUMIZA. Mkewe alimfuata nyuma, hajaamua kama acheke au aivute kanga yake.