Machozi ya Msimu wa Mahindi

Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele siku walipomzika Shangazi Filomena, na Melkiadi alisimama kando ya kaburi bila hata tone la chozi.

Miaka yote, msimu huu ulimkuta anapiga chafya na kutokwa machozi mpaka macho yanavimba. Watu waliomwona mazikoni walimsifu kwa huruma, naye hakuwahi kuwasahihisha. Shangazi peke yake ndiye aliyejua kwamba ni mzio wa vumbi la mbelewele. Mwaka huu alimkokota hadi zahanati akapewa vidonge, na kila asubuhi alimchemshia majani ya mkaratusi, akamfunika blanketi juu ya sufuria.

"Vuta pumzi, mwanangu," alimwambia. "Vuta mpaka ndani."

Akapona. Hata leo, kabla ya kuja kumzika, alimeza kidonge kwa mazoea.

"Mbona halii?" mwanamke mmoja alinong'ona nyuma yake. "Mazikoni kwa mzee Kamili alilia mpaka tukamshika."

"Na huyu ndiye aliyemlea!" mwenzake akajibu.

Melkiadi alihisi masikio yakiwaka. Alitupa konzi yake ya udongo, akajipenyeza hadi shambani nyuma ya makaburi. Akainamisha bua moja la mahindi, akazika uso kwenye mbelewele, akavuta pumzi mpaka ndani, kama alivyofundishwa. Vumbi la njano likamjaa puani. Macho yakabaki makavu.

"Melkiadi!" walimwita kutoka kando ya kaburi. "Njoo uweke shada."

Alikuwa ameinamisha bua la pili.