Visu Visivyokata Kitu

Mzee Shebwana alivipanga mezani visu vyake vya kukunja, vyote vya kale, vyenye mipini ya mfupa. Bi Rukaiya, jirani aliyefiwa na mume, alikuwa amemletea kingine.

“Hiki mpini wake ni mfupa wa twiga,” mzee alimwonyesha. “Kile, wa kiboko.”

“Na huwa unakatia nini?”

“Sikatii kitu. Navipaka mafuta tu.”

Bi Rukaiya alitoa chungwa kikapuni, akalikata kwa kile kisu alichokileta, cha marehemu mumewe, akampa nusu. Kisha akakifuta kisu kwa upindo wa kanga.

“Nisamehe, mzee wangu. Kwako kitalala njaa.”

Akaondoka nacho.

Mzee alibaki na nusu yake mkononi. Mwishowe akakikunjua kisu cha mfupa wa twiga, akaikata ile nusu vipande viwili, kimoja akakisogeza mbele ya kiti kitupu alichokuwa amekalia Bi Rukaiya.