Unyayo wa Mwalimu Nungunungu

Alikuwepo Korongo, mkaguzi wa shule, ambaye hakuamini kazi asiyoisikia. Siku moja alifika darasani kwa Mwalimu Nungunungu, akawakuta wanafunzi wakisuka ukili wa mikeka huku wakiimba hesabu: "Moja juu, mbili chini, tatu juu!" Mwalimu mwenyewe ameketi kimya, amekanyaga ncha ya kila ukili.

"Mwalimu, hapa unafundisha nini?"

"Hesabu, mzee."

"Hesabu wanaimba wao! Wewe umekanyaga tu. Simama ufundishe, au kesho usirudi hapa."

Nungunungu akatii, akainua mguu. Papo hapo ukili ukalegea, ukaanza kufumuka. Fuko, ambaye hakuwahi kuvuka saba tangu aanze shule, siku hiyo alikuwa amefika kumi na moja. Akaangua kilio.

"Imenipotea yote!"

Korongo akaona haya. "Nyamaza, mjukuu wangu. Ncha iko wapi?" Akaikanyaga. "Haya, anza tena."

Fuko akaanza. Wenzake nao wakaleta ncha zao.

"Na yangu, babu!"

"Usikandamize hivyo, babu, utaikata!"

Korongo akaukunja mguu wa pili asije akavuruga kazi ya mtu, akashusha shingo asikilize. Alitamani sana kujua Fuko atafika wapi.

Nungunungu akamsogelea polepole. "Mzee, hapa unafundisha nini?"

"Shii!" akanong'ona Korongo. "Fuko yuko kumi na mbili."