Betri Imechemka

Betri ilikuwa imefika asilimia tisini na tano, lakini mke alipopokea simu ya baba yake alisema ishirini.

"Joto, Baba. Umeme unaingia kwa matone. Bado tuko kituo cha kwanza."

Hawakuwa kituo cha kwanza. Walikuwa kituo cha mwisho, mwendo wa saa moja tu kutoka kwa wazazi wake, wamekaa chini ya feni ya mgahawa, soda baridi mezani, viatu wamevua. Nje lami ilikuwa laini kama ugoro uliomwagiwa maji. Gari lao la umeme lilikuwa limetulia kivulini, limeshiba.

Uongo ule ulianza kama ukweli. Kituo cha kwanza walikwama kweli. Walifika betri ikiwa ya moto kwa mwendo mrefu na jua la utosi, na ile chaja ya haraka, ambayo siku nyingine hujaza gari kabla mtu hajamaliza chai, ikapunguza kasi yenyewe ili betri isiungue. Feni za gari zikavuma kama zinataka kupaa. Mume akachomoa, akasogeza gari kivulini, akasubiri lipoe, akachomeka tena. Mke alipompigia baba yake kuomba radhi, alijiandaa kusemwa. Mzee akajibu kwa upole kwamba wasijisumbue, waje taratibu.

Ndipo mke na mume wakatazamana.

Kila mwaka walikwenda kukaa wiki nzima kwa wazee, na kila mwaka walirudi hoi. Mzee alikuwa mkaguzi wa magari mstaafu. Humwamsha mkwewe alfajiri, hata uso hajanawa, wakague gari pamoja: tairi, breki, mpaka vifuta vioo. Mwaka huu gari lenyewe halina hata injini. Mume alijua atahubiriwa mpaka siku ya kuondoka. Mama naye humtolea binti yake magauni ya zamani sandukuni, amjaribishe moja moja mbele ya majirani.

Basi kituo cha pili wakatia chumvi kidogo. Hapa cha mwisho wakapika chungu kizima.

Haikuwa kwamba hawakuwapenda wazee. Kiti cha nyuma kulikuwa na boksi la makopo mapya, kwa sababu mke humpangia mama yake jiko upya kila mwaka. "Nisipompangia mimi, nani atampangia?" husema, huku akitupa nusu ya vyombo alivyovikuta. Mume naye alikuwa na zawadi ya maneno. Tangu anunue gari lile hakuna aliyemsogelea akasalimika. Pale mgahawani alikwisha kumweleza mhudumu jinsi betri inavyopozwa kwa maji yanayozunguka, kisha akamgeukia dereva wa lori kwenye meza ya jirani, ambaye aliamua kwenda kumalizia chakula chake juani.

Kwenye simu, Mzee alizidi upole.

"Mwambie mkwe asilazimishe," alisema. "Betri ikichemka ukailazimisha, unaiua. Na ikishapita themanini, itakwenda polepole yenyewe."

Mume, aliyekuwa ametega sikio, akatoa macho. Huyu ndiye aliyeliita gari lake tochi yenye matairi.

"Umeona?" akanong'ona kwa fahari. "Ile saa nzima niliyomweleza kwenye simu, kumbe iliingia."

Mke akamuulizia mama yake. Akajibiwa kwamba amejilaza. Akashangaa, mama hajilazi mchana hata akiumwa, sembuse siku ya wageni. Lakini nyuma ya sauti ya Mzee alisikia feni, na mama akicheka kicheko chepesi ambacho hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia.

"Jua likiwa kali hivyo, laleni huko huko," Mzee alimaliza. "Sisi tupo tu, mwanangu. Tunawasubiri."

Hilo neno "tunawasubiri" lilimchoma. Alipokata simu alimwona akilini baba yake barazani na shati safi, shingo imenyooka kuelekea barabarani. Alimwona mama akinyoosha shuka ambalo tayari limenyooka. Machozi yakamlenga.

"Twende," akamwambia mumewe. "Tunawatesa wazazi wangu. Twende sasa hivi."

Mume hakubisha, na yeye roho ilikuwa inamsuta. Wakavaa viatu, wakatoka. Akachomoa waya, akashika mpini wa mlango, akauachia upesi na kupuliza vidole. Mke akafungua mlango wa upande wake, joto likampiga usoni kama amefunua sufuria. Wakasimama hapo, kila mmoja upande wake, wakiangaliana juu ya paa la gari.

"Usiku mmoja tu," mume akasema taratibu. "Tuondoke alfajiri, kukiwa kumepoa. Kwa ajili ya betri."

Mke akafuta macho. Akafikiri kidogo.

"Kwa ajili ya betri," akakubali.

Nyuma ya mgahawa kulikuwa na vyumba vya wageni vilivyopangana kwenye korido moja. Mtu wa mapokezi aliwapa ufunguo, akawaomba wasipige kelele, kwani chumba cha jirani kuna wazee wawili wanapumzika. Mume akaahidi, ingawa hakuondoka kabla ya kumuuliza kama anajua kwa nini betri haipendi joto.

Walinyata koridoni na mabegi yao. Mke alikuwa anatumbukiza ufunguo tunduni, mlango wa jirani ulipofunguka. Akatoka mzee mmoja, singlendi mwilini, taulo begani, uso bado ameuelekeza chumbani.

"Jinyooshe tu, mke wangu," alikuwa akisema. "Hawaji leo. Nimewaambia walale huko huko."