Kopo la Majina

Kila robota la makoti lilipofika kutoka mnada wa kambini, Shemsa alishika wembe akafumua majina yaliyoshonwa vifuani. Ndilo lilikuwa sharti la jeshi: koti liuzwe, jina lisiuzwe. Wateja walipouliza wenyewe wako wapi, alijibu, "Wamestaafu," naye aliamini hivyo.

Asubuhi moja, akiwa katikati ya kufumua, aliingia dukani mzee mmoja, mgongo umenyooka kama yuko gwarideni.

"Shikamoo, baba. Unatafuta koti?"

"Marahaba. Langu nililirudisha nilipostaafu, pamoja na buti, hata kijiko. Majina mnayapeleka wapi?"

Shemsa alitakiwa kuyachoma, lakini moyo ulikuwa umemkatalia. Akatoa kopo tupu la maziwa alimoyaficha chini ya meza, akayamimina mezani.

Mzee aliyapekua moja moja. Lake lilipotokea, alilisukuma kando. Akaendelea mpaka akashika kitambaa chenye doa jeusi: MSANGAWALE.

"Huyu hakustaafu," alisema polepole, akakikunja kiganjani.

Nyuma yao mteja alikuwa akijipima koti mbele ya kioo.

"Dada, mwenyewe yuko wapi?"

Shemsa alifungua kinywa. Wembe ulikuwa bado mkononi mwake.