Arobaini ya Pili kwa Bi Shemsa

Aliyepona saratani ya kongosho akija kufa, vijidudu vya utumbo wake hupewa mgonjwa mwingine wa saratani hiyo ili vimponye, na mjane humpikia mgonjwa huyo siku arobaini chakula kile kile vilichozoea, mpaka vitulie. Ndiyo sheria.

Vya mumewe Bi Shemsa alipewa Sudi. Mwanzoni alikuja akijilazimisha kumeza wali na maziwa mgando aliyoyapenda marehemu. Siku ya ishirini akauliza, "Mama, ukoko hukunibakizia?"

Bi Shemsa akakimbilia jikoni, akajifuta machozi kwa kanga. Miaka thelathini mumewe alimuuliza vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo alimpa maziwa ya kuchemsha aliyoyakamulia ndimu, yafanane tu na mgando. Alijua kwa ndimu vijidudu havitatulia.

Siku ya arobaini muuguzi akampima Sudi, akatikisa kichwa. "Bado havijatulia. Tunaanza arobaini nyingine."

Sudi akakaza mkanda, maana suruali ilikuwa inampwaya. "Nisamehe mama, nazidi kukusumbua."

"Usumbufu gani, mwanangu?" alisema Bi Shemsa, akamsogezea sahani. Ukoko alikwisha kuuweka juu.