Kibali cha Yowe

Sikilizeni hii, na mkicheka chekeni kimyakimya. Ngiri, mkuu wa mbuga, alichukia kelele kuliko njaa. Kanga akipiga yowe kwamba Chui anakuja, wageni wa Ngiri hutoka mbio na pati inavunjika. Ngiri akatunga sheria: hakuna kupiga yowe wala kuliitikia bila kibali, na Chui ahojiwe kwanza, eti tubalansi habari. Atakayevunja sheria ananyonyolewa manyoya hadharani.

Asubuhi moja Kanga akamwona Chui ananyata nyuma ya kiti cha Ngiri.

"Shikamoo, bosi. Inasemekana unataka kumla mheshimiwa. Unasemaje?"

"Niko bize. Nitatoa tamko nikishashiba."

Kanga akaandika, akapeleka fomu mbio kwa Ngiri. "Mheshimiwa, saini hapa haraka nipige yowe."

"Yowe la nini, we mpuuzi?"

"Siruhusiwi kusema kabla hujasaini, mzee."

Ngiri akacheka mpaka pembe zikatikisika. Chui akamrukia shingoni.

"Uwiii! Nakufa jamani!"

Mbuga nzima ilisikia. Swala wakatazamana, wakaendelea kula majani. "Yowe halina kibali hilo," mmoja akasema. "Jifanyeni viziwi, tusije tukashtakiwa."